Nywele za Kubebea Bendera

Katika mtaa ule wa San Pedro, nyuma ya kiwanda cha sukari, hapakuwa na mwanamke aliyeolewa, aliyepigwa picha ya pasipoti au aliyelazwa kwenye jeneza bila kupita kwanza mikononi mwa Dilenia. Saluni hakuwa nayo, na wala hakuitamani. Saluni ina kodi, ina mwenye nyumba, ina viti vya kukalia wambeya. Yeye alikuwa na sanduku lake la magurudumu, gurudumu moja limeng'oka, na ndani yake rola za kila ukubwa, draya, vitana, poda za kila rangi ya ngozi aliyoiumba Mungu, na nje yake mikono miwili inayojijua. Ukimwita alfajiri anakuja. Ukimwita una huzuni anakuja vilevile, na akimaliza huzuni haionekani, angalau usoni.

Kazi yake kubwa ilikuwa kunyoosha. Mwanamke anakaa kitini na nywele za kipilipili alizorithi kwa bibi yake, anainuka na singa zinazocheza mabegani kila akigeuka. Wengine wakinyoosha, nywele zinanuka kuungua na jioni zimeshajikunja upya. Za Dilenia zilikaa wiki nzima. Alikuwa hodari, alijua kuwa ni hodari, na hakuona sababu ya kujifanya hajui.

Jumatano hiyo alikuwa ametoka kumpamba msichana mmoja kwa sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na mitano, na amerudi nyumbani anaimba. Akamkuta binti yake, Yasiris, amekaa kwenye ngazi ya mlango na sare zake za shule, mkoba miguuni. Wakati ule alitakiwa awe uwanjani na wenzake, anafanya mazoezi ya kutembea na bendera.

"Umefukuzwa?" Dilenia akauliza.

"Sijafukuzwa. Nimeondolewa kwenye mazoezi."

"Ni kitu kilekile, wamekipa jina zuri tu," sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya Bi Tomasina, mama yake Dilenia, aliyekuwa akiponda ndizi za mchana. Bi Tomasina alikuwa hasikii akitumwa dukani, lakini mambo yasiyomhusu aliyasikia yote.

Pale shuleni, kila mwaka ikikaribia sikukuu ya uhuru, bendera ya taifa hubebwa na mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza. Mwaka huo wa kwanza alikuwa Yasiris, na wa pili wake alikuwa mbali. Habari hiyo Dilenia alikuwa ameshaitangaza katika kila nyumba alimofungulia sanduku lake. Hata marehemu mmoja aliambiwa.

"Mwalimu mkuu kasema bendera haiwezi kutanguliwa na kichaka," Yasiris akaeleza. Alikuwa anajikaza asilie. "Kasema nizinyooshe nywele hizi kabla ya Jumatatu, la sivyo atabeba Lisbel."

"Kasema kichaka? Kwa neno hilohilo?"

"Kwa neno hilohilo. Wenzangu wakacheka."

"Kwani kakosea wapi?" Bi Tomasina alitokea mlangoni na mchi mkononi. "Mimi kila siku nasema. Mtoto ana kichwa kimejaa akili, kakivika kiota cha kuku!"

Ni kweli kwamba tangu shule zifunguliwe Yasiris alikuwa amekataa katakata kunyooshwa. Aliziachia zikae zinavyotaka, nazo zilitaka kwenda juu na pembeni. Dilenia aliudhika, lakini alidhani ni wazimu wa umri ule, utapita kama ulivyopita ule wa kukataa nyama. Sasa aliona wakati wa kupita umefika. Akavuta kiti, akachomeka draya.

"Kaa hapa. Saa moja na nusu tumemaliza, na huyo mwalimu mkuu atafute kichaka kingine."

"Sikai, mama."

"Yasiris, usinichoshe. Ni nywele tu. Jumatatu ukishateremsha bendera, zirudishe zilikotoka. Nani kakukataza?"

"Kama ni nywele tu, kwa nini yeye asiniache nazo?"

"Kwa sababu yeye ndiye mwenye shule! Kaa!"

Binti hakukaa. Alisimama mbele ya mama yake, na kwa urefu walikuwa wameshalingana.

"Nikuulize kitu, mama. Umewahi kuniambia nimependeza?"

"Mtoto huyu! Si kila siku nakwambia?"

"Kila siku ukishamaliza kunichoma. Unazima draya, unanigeuza kwenye kioo, unasema haya, *sasa* umependeza. Kabla ya hapo hujawahi. Hata mara moja."

Dilenia akachomoa draya, akairudisha sandukuni.

Asubuhi yake Dilenia alijipamba mwenyewe, kama afanyavyo anapokwenda kwenye ugomvi. Alichora nyusi, akatia wanja, akapaka midomo rangi nyekundu isiyoomba samahani. Akaenda shuleni.

Karani alimwambia asubiri kwenye benchi. Akasubiri. Akaitwa mzazi aliyemkuta pale, sawa, kisha akaitwa mwingine aliyekuja nyuma yake, na mwingine tena. Mwalimu mkuu, Bi Ercilia, alipita mbele yake mara mbili na mafaili kwapani, na mara zote mbili aliutazama ukuta.

Na huyu ndiye Bi Ercilia ambaye kila Ijumaa mchana alikuwa akilaza shingo kwenye sinki la jikoni kwake, Dilenia akimwosha nywele. Ndiye aliyemwita mwanangu na kumtilia kahawa kwa mkono wake. Ndiye pia aliyemletea walimu wengine watano, kila mmoja na siku yake, hata kazi zao zikawa nusu ya kazi zote za Dilenia. Nyumbani kwake walikuwa ndugu. Hapa Dilenia alikuwa mzazi wa kwenye benchi.

Alipoitwa hatimaye, alimkuta ofisini na mama yake Lisbel, yule mwenye duka la dawa. Mama huyo alikuwa ameleta glavu nyeupe za kubebea bendera, zimo kwenye mfuko wake wa nailoni, za saizi ya binti yake. Naye alikuwa ameshapita mikononi mwa Dilenia, tena si mara moja, lakini alimsalimu kwa nyusi tu.

"Mama Yasiris," alianza Bi Ercilia, kana kwamba jina la Dilenia hajawahi kulisikia. "Nashukuru umekuja. Hili si jambo la chuki. Ni suala la usafi."

"Usafi? Mwanangu anaoga kuliko samaki."

"Zinaonekana chafu. Wageni watakuja, mkaguzi atakuja, picha zitapigwa. Na kinachonishangaza zaidi ni wewe, ambaye hiyo ndiyo kazi yako. Watu watauliza, huyu fundi anaviweza vichwa vya wenzake tu?"

Mama yake Lisbel alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Dilenia alizitazama nywele za Bi Ercilia. Zilikuwa zimelala, zinang'aa, hakuna hata moja iliyoasi, na zote zilikuwa kazi ya mikono yake. Alijua zilivyo zikilowa. Katika mji mzima alikuwa yeye peke yake anayejua. Neno moja tu, pale, mbele ya yule wa duka la dawa, na lingefika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Lilimfika hadi kwenye meno. Lakini fundi anayetembea majumbani hula kwa mikono yake na kwa mdomo wake uliofungwa. Kichwa cha mteja ni kama chumba chake cha kulala, unaingia kwa kuitwa, na ukitoka unafunga mlango. Akalimeza.

"Nimekusikia, mwalimu mkuu," akasema, akatoka. Kwa hasira alilipita hata duka alilotaka kununulia mkate.

"Ungesema!" Bi Tomasina aliwaka alipoambiwa. "Mbele ya huyo muuza vidonge, ungemwambia, na zako je?"

"Nikisema la huyu, mama, nani atanipa tena kichwa chake?"

"Basi mchome mtoto. Ama useme, ama umchome. La tatu halipo."

"Lipo."

"Lipi?"

"Sijalijua bado. Lakini lipo."

Bi Tomasina aliguna. "Mimi nilikuchoma una miaka saba, kwa kitana cha chuma kilichotoka kwenye mkaa. Ulilia, ndiyo. Lakini kanisani walikupokea kama mtoto wa watu."

"Kwani nilikuwa mtoto wa nani?"

Bi kizee alimwangalia, akarudi kwenye sufuria yake. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Ijumaa Bi Ercilia alimfungulia mlango mwenyewe, peku, kanga ya jikoni kiunoni, uso umechangamka.

"Karibu mwanangu, kahawa ipo! Halafu yale ya jana usiyaweke moyoni. Ofisini ni ofisini."

"Sawa, Bi Ercilia. Tuoshe."

Akamlaza shingo sinkini, akafungua maji. Nywele za wiki nzima zikaanza kurudi kwao. Zilijikunja kwanza kisogoni, kisha kwenye paji la uso, kisha zikapanda zote kwa pamoja, nene, nyeusi, zimekaza. Bi Ercilia alikuwa anaongea macho yamefumbwa. Mkaguzi atakaa wapi, ngoma zitaanza lini. "Na wewe Jumatatu mlete binti mapema, ukishamtengeneza. Glavu nitampokonya yule mama, usijali. Mimi yule mtoto nampenda, Dilenia. Sijawahi kufundisha kichwa kama kile."

Dilenia alimwinua, akamkalisha mbele ya kioo. Akazishika nywele zile kwa mikono miwili, akaziinua juu zikasimama.

"Bi Ercilia, hebu tazama. Hizi nimeziosha sasa hivi. Ni chafu?"

"Dilenia."

"Nauliza tu. Kama hazijatakata niongeze sabuni."

Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni. Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo hakufanana na yule wa ofisini. Ungesema ni shangazi yake Yasiris.

"Usinifanyie hivi nyumbani kwangu," Bi Ercilia alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hujui. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba ualimu nilikwenda na hizi. Wakaniuliza kama nimekuja kufagia. Wiki ya pili yake nikarudi nimezinyoosha. Watu ni walewale, chumba ni kilekile, wakanipa kiti. Unafikiri namchukia mwanao? Namwepushia lile swali."

Dilenia alimwamini. Alimwonea huruma, huruma ya kweli, hata akatamani kumfuta maji shingoni. Lakini huruma ile haikuizima hasira. Iliichochea.

"Halafu ukamuuliza wewe," akasema.

Bi Ercilia akafumba macho.

Fundi mwingine angefunga sanduku pale pale na kumwacha na nywele zake mbichi. Wazo hilo lilimpitia Dilenia, nalo lilikuwa tamu. Lakini kichwa kilichoachwa nusu kinatembea na jina la fundi. Akaweka rola moja baada ya nyingine, akazikausha kwa draya, akatoa rola, akazivuta kwa brashi hadi zikanyooka kama zilivyozoea. Mwisho akazizungusha zote kichwani, akazibana kwa pini na kumvika soksi ya kichwa ili zilale hivyo hadi Jumatatu. Hakuwahi kuzinyoosha vizuri kama siku ile.

Alipomaliza alikunja waya wa draya, akasimama mlangoni.

"Umependeza, Bi Ercilia. Lakini Ijumaa ijayo tafuta mtu mwingine. Siwezi kuosha kichwa cha mtu anayekiona cha mwanangu ni uchafu."

"Ukiniacha mimi na wale wengine watakuacha. Unajua hilo."

"Najua. Nilizaliwa sina mteja hata mmoja, na nimefika hapa." Akavuta sanduku. "Na nilichokiona kichwani mwako kitakaa palepale nilipokiweka siku zote. Hilo lisikunyime usingizi. Ila Jumatatu Yasiris anakuja na nywele zake. Ukitaka kumnyima bendera, mnyime kwa mdomo wako mwenyewe, mbele za watu."

Jumatatu asubuhi alivuta kiti karibu na dirisha.

"Kaa."

Yasiris aliitazama mikono ya mama yake. "Draya iko wapi?"

"Iko kwenye sanduku, imelala. Kaa, mtoto."

Binti akakaa, nusu haamini. Dilenia alichukua kitana, akakiingiza kuanzia kwenye ngozi kama alivyozoea, akavuta. Kitana kikakwama. Akavuta tena. Yasiris akapiga yowe, na jino moja la kitana likaruka likaangukia kwenye kikombe cha kahawa cha Bi Tomasina.

Dilenia alisimama na kitana mkononi. Miaka yote hiyo kipilipili kimepita vidoleni mwake. Alijua kukilainisha, kukivuta, kukichoma na kukilaza. Hakuna aliyewahi kumwambia akiache kilivyo na akipendezeshe hivyohivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui zinavyotengenezwa hizi, Yasiris. Nioneshe."

Binti aligeuka kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi alicheka kwanza, cheko refu la mtu aliyeshinda, kisha akamwonesha. Zinalowa maji. Zinapakwa mafuta mengi, usiyabanie. Zinagawanywa mafungu. Vidole ndivyo vinavyotangulia, tena kutoka kwenye ncha, mama, si huko juu, utaniua! Dilenia alikosea, akakaripiwa, akasema samahani mwalimu. Kisha mikono yake ikaelewa. Haikuchukua muda ikaanza kufanya mambo ambayo Yasiris hakuwa ameyafundisha, ikaziinua usoni, ikazipa njia upande mmoja, ikazizungusha zikawa duara pana lililosimama imara. Alirudi nyuma hatua moja, akafumba jicho, kama afanyavyo kwa maharusi.

"Ngoja, upande huu umezidi. Hapo. Usicheke, utaharibu."

Hakuwa amefurahia kazi hivyo kwa muda mrefu, na alisema. "Jamani, kumbe ni tamu!"

Bi Tomasina alitoa jino la kitana kwenye kahawa yake, akamzunguka mjukuu wake.

"Bado ni kubwa," akatoa hukumu. Akanywa. "Lakini zimekaa sawa."

Kutoka kwa Bi Tomasina, hiyo ilikuwa medali.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wazazi walikaa kwenye viti, walimu mbele yao, mkaguzi na tai yake katikati, na jua linawapiga wote bila kuchagua. Dilenia alikaa mstari wa kwanza. Kushoto na kulia kwake kulikuwa na vichwa vyake, yaani vya wateja wake, singa baada ya singa. Watatu kati ya wale walimu watano walikuwa wameshampigia simu kusema wiki hii hawatamhitaji.

Wanafunzi wa bendera walikuwa wamepangwa kando ya ngoma. Lisbel alikuwa ameshavaa glavu. Yasiris alisimama pembeni yake bila kitu mkononi, na watu walikuwa wananong'ona wakimwangalia.

Bi Ercilia alisogea kwenye kipaza sauti. Nywele zake zilikuwa zimelala vizuri sana.

"Bendera ya taifa, mwaka huu," akasema, "itabebwa na..."

Macho yake yalikwenda kwa mkaguzi, yakaenda kwa wasichana wawili.

Dilenia akasimama.

Alisimama peke yake, katikati ya watu wote waliokaa, mkoba begani, midomo myekundu imefungwa. Minong'ono ilikatika. Mwalimu mmoja alipeleka mkono kisogoni, pale nywele zinapoanza kujikunja jasho likizidi. Mwingine akavuta skafu. Mikono ikainuka huku na kule, mwanamke mmoja baada ya mwingine akijigusa kichwa chake, na mama yake Lisbel akakishika cha kwake kwa mikono yote miwili kama kuna upepo. Waume zao hawakuelewa kinachoendelea. Waliangalia juu kutafuta mvua.

Bi Ercilia alimtazama Dilenia, akakishika kipaza sauti.

"Yasiris Mejía," akasema. Akalirudia jina kwa nguvu zaidi. "Yasiris Mejía, mwanafunzi wa kwanza wa shule hii!"

Lisbel, ambaye hakuwa mtoto mbaya hata kidogo, alivua glavu mwenyewe akampa mwenzake. Zilimbana, lakini zilimwingia. Ngoma zikalia. Yasiris aliishika bendera, akaiinua, akaanza kutembea polepole kama walivyofundishwa, shingo imenyooka na nywele zile zimemzunguka kichwa, na ndipo uwanja mzima uliponyanyuka. Dilenia alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, fundi mzima, na hakujali.

Baada ya sherehe Bi Ercilia alimfuata getini. Alisubiri watu wapite.

"Nilidhani unataka kusema," akamwambia taratibu.

"Kusema nini?"

"Unajua nini. Wote tulidhani hivyo." Akatazama chini, kisha akainua uso. "Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua, Dilenia. Kabla hujasimama, nilikuwa nimeshaamua."

Huenda ilikuwa kweli na huenda haikuwa. Dilenia hakuuliza. Alimwona mwanawe anakuja mbio kati ya watu, glavu mkononi, akamfungulia mikono.

"Bendera ikipita watu husimama, Bi Ercilia," akasema. "Ni nyinyi tu mliochelewa."